Shamba la Bibi, Mikorosho ya Babu

Orodha ya mali za marehemu babu yangu iliandikwa kwa mwandiko wangu. Naanza na hilo makusudi, maana sisi tunaoandika mambo ya zamani tuna tabia ya kujificha nyuma ya nyaraka, kana kwamba nyaraka zilijiandika zenyewe.

Babu alifariki katikati ya mwaka 2018 kijijini kwetu, juu ya uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Msimu uliotangulia korosho ilikuwa imefika bei ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Mnadani kilo moja ilipita shilingi 4,000. Akaunti ya benki ilikuwa ya babu, jina katika daftari la chama cha msingi lilikuwa la babu, na Oktoba ilikuwa inakaribia. Bila msimamizi wa mirathi, hela ya msimu mpya ingeingia mahali ambapo hakuna mkono wa kuitoa. Kwa hiyo arobaini ilipokwisha tulikaa chini ya mwembe, mjomba wangu mkubwa akasema tufanye haraka, tuandike muhtasari wa kikao cha ukoo tuupeleke mahakama ya mwanzo. Wote wakanigeukia mimi. Mwandishi wa habari si huyu hapa? Mwenye chuo kikuu si huyu?

Nikaandika. Waliohudhuria: mjane, watoto watano, wajukuu. Anayependekezwa kuwa msimamizi: mtoto mkubwa wa kiume. Mali za marehemu: nyumba moja ya bati, baiskeli moja, na "shamba la mikorosho ekari 8".

Katika mistari hiyo michache mna makosa mawili. Sikuyaona siku ile, na ilinichukua karibu mwaka mzima, na safari kadhaa za Mtwara na Newala, kuelewa kwamba la kwanza lina umri wa miaka zaidi ya 50 na la pili nililitunga mwenyewe.

Kosa la kwanza ni neno "ukoo".

Wamakonde wa uwandani, Wamakua na Wayao wa Masasi chini kule kwenye majabali, na Wamwera wa jirani, kwa asili ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa Kimakonde ukoo huo unaitwa litawa. Mwanamume anaweza kuzaa watoto kumi, akawalea, akawasomesha, na wote wasiwe wa litawa lake. Watu wa litawa lake ni mama yake, dada zake, na watoto wa dada zake. Ndiyo maana zamani mwanamume akifa, aliyeinuka kushika jina na nafasi yake alikuwa mpwa, mtoto wa dada.

Sasa rudi kwenye kile kikao chetu chini ya mwembe. Tuliandika "kikao cha ukoo wa marehemu", lakini kwa hesabu ya mila hakukuwa na mtu hata mmoja wa ukoo wa marehemu pale. Babu alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi. Alipanda uwandani kijana, akamwoa bibi, akahamia kwa mke kama ilivyokuwa desturi. Ukoo wake ulikuwa bado uko Masasi, na haukuitwa. Wenyewe walisikia habari ya mirathi kwa mtu aliyesoma tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa mahakama.

Wakaja. Wapwa watatu wa babu, watu wazima wenye mvi, walishuka kwenye basi wakiwa na kanzu zao kwenye mifuko ya plastiki. Walisalimia vizuri, wakala, wakalala. Asubuhi mkubwa wao akasema neno ambalo nyumbani kwetu liligeuka wimbo wa kuchekeshana: "Shamba ni lenu, ila mikorosho ni ya mjomba wetu."

Tukacheka. Yaani mtu anadai miti bila ardhi? Aitoe aibebe mgongoni? Mjomba wangu aliwaambia wamepitwa na wakati, wakaonane naye mahakamani.

Kumbe walikuwa wanasema jambo ambalo uwandani lilieleweka vizuri kwa muda mrefu. Ili kuona maana yake inabidi kurudi nyuma kabla ya mkorosho.

Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mvua ikinyesha inazama kwenye mchanga na kutokea chini, kwenye kingo. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake walishuka genge na kupanda tena na maji kichwani. Anayesimama leo pale Shimo la Mungu, Newala, akatazama bonde la Ruvuma chini, anaona uzuri. Bibi yangu alipatazama akaona ngazi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipopita Masasi, Newala na Mahuta akikusanya vitu na kuandika habari za watu, alikuta watu wanaofyeka pori, wanalima misimu michache, wanahama. Ardhi ilikuwapo ya kutosha. Kilichokuwa haba ni watu na maji.

Katika hali hiyo mirathi ya ardhi haikuwa na ugomvi mkubwa. Mtu alilima katika eneo lililofunguliwa na wazee wa litawa fulani chini ya mkulungwa wao, na akiacha kulima pori lilirudi. Kilichorithiwa ni jina, heshima, bunduki kama ipo, na dhamana ya kuwaangalia dada na watoto wao. Muhogo haurithiwi. Unang'olewa, unaliwa, umekwisha.

Mkorosho ulibadilisha mambo. Mti huu asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta Msumbiji, ukavuka, ukakaa pwani miaka mingi kama mti wa kivuli na mabibo, mpaka katikati ya karne ya 20 ulipogeuka zao la biashara la kusini. Unaupanda katikati ya mihogo na mbaazi, miaka michache unaanza kuzaa, kisha unaendelea kuzaa miaka na miaka, umri wa mtu na zaidi. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoshauriwa siku hizi, ekari moja inabeba miti kama 28. Kwa mara ya kwanza mwanamume wa uwandani alikuwa na kitu alichokipanda kwa mkono wake, kisichong'oka, kinacholeta hela kila mwaka, na ambacho kingebaki baada yake. Na mara nyingi kilikuwa kimesimama kwenye ardhi ya watu wa mke wake.

Hapo ndipo watu walipotenganisha mti na ardhi. Ardhi ni ya waliofungua eneo, na mti ni wa aliyepanda. Mume akiachika anaweza kuendelea kuokota korosho zake, au alipwe, kutegemea maelewano. Akifa, wapwa wanadai miti ya mjomba wao. Watoto nao, ambao waliokota korosho hizo tangu wadogo na kupalilia chini ya miti hiyo, wanaona huo ni uporaji. Baba aliyewapenda watoto wake alitafuta namna. Wengine waliwagawia miti wakiwa hai, mbele ya mashahidi, ili siku ya siku mpwa asikute kitu.

Kwa hiyo ugomvi wa mtoto na mpwa si wa juzi. Umekua pamoja na mti wenyewe.

Na nani aliuamua? Waingereza walipotaka machifu wa kutawala kupitia kwao, uwandani hawakuwapata, maana kila mkulungwa alikuwa na mamlaka juu ya eneo lake dogo tu. Wakaweka maliwali, cheo walichokikopa pwani, na maliwali wakakaa kwenye mabaraza kuamua kesi. Waamuzi hawa wengi waliijua dini ya Kiislamu, na Uislamu uwandani ulikuwa unaenea kwa kasi. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, mtoto wa dada hapati kitu maadamu watoto wa kiume wa marehemu wapo. Mjane mwenye watoto ana thumuni. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja. Mmakonde Mwislamu alikuwa na vitabu viwili kichwani, na kila upande wa familia ulifungua kile kilichoufaa.

Kisha ukaja uhuru, na pamoja nao kalamu.

Mwaka 1961 serikali ilianza kazi ya kuunganisha sheria za mila. Mtu aliyekuwa kinara wa kazi hiyo mwanzoni alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeishi Tanganyika miaka mingi akiwa mtaalamu wa jamii wa serikali, aliyekwisha kuandika sheria za Wahaya na Wasukuma. Cory alifariki mwaka 1962, lakini kazi iliendelea, na mwaka 1963 yakatoka matangazo ya serikali. Lile la mirathi ni Tangazo Na. 436. Limepanga kila kitu kwa namba: warithi wa daraja la kwanza, la pili, la tatu, nafasi ya mtoto wa kike kwenye ardhi ya ukoo, nafasi ya mjane. Lilikusudiwa kwa makabila ya upande wa baba, ambayo ndiyo mengi Tanzania bara. Watu wa upande wa mama, kuanzia sisi wa kusini mpaka Waluguru wa Morogoro, hawakuandikiwa.

Wengi wanaosoma habari za tangazo hilo wanasikitika kwa yale lililoyaandika, na wana haki. Kanuni yake ya 20 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi maarufu ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia, alisema kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo ndani ya Katiba. Kanuni ya 27 ilimnyima mjane fungu, eti watoto wake ndio wamtunze. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga Mahakama Kuu, na mwaka 2006 wakaambiwa mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania iliwakosea.

Wapenzi wa fasihi mnaijua hadithi ya mjane na ukoo wa mume kupitia Ebrahim Hussein. Tamthilia yake Kwenye Ukingo wa Thim, iliyotoka mwaka 1988, ilizaliwa na kesi ya Nairobi ya kumzika wakili S. M. Otieno, ambayo mjane Wambui alishindwa na ukoo mwaka 1987. Tulipoisoma chuoni mhadhiri alisema hii ndiyo Afrika, ukoo wa baba dhidi ya mwanamke. Nikanukuu kwenye daftari. Hussein mwenyewe ni mzaliwa wa pwani ya kusini, si mbali na kwetu, na sikujiuliza hata siku moja kama bibi yangu anaingia kwenye sentensi ile ya mhadhiri. Bibi alikuwa na shamba kwa sababu mama yake alikuwa nalo. Hakuna mwanamume aliyempa.

Kwa hiyo mimi nasikitikia na lile ambalo tangazo la 1963 halikuliandika. Mila iliyoandikwa, hata ikiwa mbaya, hakimu anaifungua akaisoma, na mwanamke anaweza kuishtaki kwa namba yake, kanuni ya 20, kanuni ya 27. Mila isiyoandikwa inahitaji mzee wa kuisema, na mzee ana mtoto, ana mpwa, ana bei ya korosho kichwani. Na mahali ambapo mila haikuandikwa, fomu zilizotungwa kwa ajili ya nchi nzima zinaingia na mazoea yake. Fomu haina ubaya wowote moyoni. Inauliza tu: mali za marehemu ni zipi? Mtu mwenye haraka anajibu.

Basi tukafika mahakamani. Mjomba aliomba mirathi isimamiwe kwa sheria ya Kiislamu, kwa kuwa babu alikuwa Mwislamu aliyeswali, akafunga, akazikwa kiislamu. Wapwa waliomba mila. Sheria yetu inamtaka hakimu aangalie mwenendo wa maisha ya marehemu, na hapo hapakuwa na mashaka. Wapwa walishindwa, wakarudi Masasi na mifuko yao. Mjomba akateuliwa msimamizi. Tulipika pilau.

Msimamizi anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo ndani ya miezi minne. Mwaka ule Novemba ilikuwa ya vurugu. Wanunuzi walishusha bei, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba magunia, na wakulima wakahakikiwa mashamba kabla ya kulipwa ili kuwanasa wa kangomba. Kila mtu alikuwa anatafuta karatasi ya kuonyesha shamba ni lake. Katika pilikapilika hizo mjomba akanipigia simu: "Mama, ile orodha uliyoandika ni nzuri, nimeipeleka vilevile."

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Shamba ekari nane. Mjane thumuni, ekari moja. Zinabaki saba. Watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, jumla mafungu saba. Wajomba zangu ekari mbilimbili. Mama yangu na dada zake ekari mojamoja. Hesabu imekaa sawa kabisa, haina hata robo iliyobaki. Na bibi yangu, aliyelirithi shamba lile lote kutoka kwa mama yake, amegawiwa thumuni ya shamba lake mwenyewe.

Hilo ndilo kosa la pili, na ni langu. Niliandika "shamba la mikorosho" kama kitu kimoja. Wazee wa Masasi walitofautisha shamba na mikorosho kwa sentensi moja ya maneno tisa, tukawacheka.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Siku ya kuonyeshana mipaka alimkuta bibi amekaa chini ya mti, hasemi. Akamuuliza. Bibi akasema, "Naambiwa nichague ekari yangu." Mama akanipigia usiku ule. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliandika nini?"

Wajomba zangu si watu wabaya, na sitaki msomaji atoke hapa akidhani ni majambazi wa kwenye filamu. Walikuwa na hoja. Walipanda na baba yao. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, familia ilihamishwa kwenda kijiji kipya, na shamba likabaki mbali, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Nchi nzima iliona matokeo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000 za korosho, na katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Pori lilikula mikorosho, kisha ubwiriunga ukamalizia. Bei iliporudi ni vijana wale, sasa watu wazima, waliofyeka pori upya na kupuliza salfa kwenye miti ya baba. Kwa nini wasione shamba ni lao?

Lakini bibi alikuwapo pia. Alipalilia, akaokota, akapika kwa wafyekaji. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, si ya mirathi, na mali yenyewe ilikuwa nyumba ya mjini. Hata hivyo, nilipoisoma nilishangaa kwamba mimi mjukuu wa kike, niliyeokota korosho na bibi kila likizo ya Oktoba, ilibidi nisubiri majaji wanieleze kwamba ile nayo ilikuwa kazi.

Mama alipeleka pingamizi. Mjomba akaacha kuja kwetu.

Msaada wa kwanza ulitoka nisikotarajia. Mama alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, mzee aliyemwosha babu, akiogopa kuonekana anapinga dini. Mzee akamwambia dini haijawahi kusema mirathi igawe mali ya mtu aliye hai. Kabla ya kugawa unatoa gharama za maziko, unalipa madeni, unarudisha amana za watu. Ardhi ya mkewe mikononi mwa marehemu ilikuwa kama amana. Irudishwe, kisha mgawane kilicho chake. Kwa maneno mengine, sheria ya Kiislamu haikumdhulumu bibi. Orodha ndiyo iliyomdhulumu.

Hakimu akataka ushahidi kwamba ardhi ilikuwa ya upande wa bibi. Wazee wawili wa kijiji waliitwa. Mmoja alisema siku hizi mambo ya litawa yamekwisha, mwanamume ndiye mwenye nyumba. Wa pili alisema hakumbuki vizuri. Wote wawili walikuwa wanakumbuka vizuri, na wote wawili walikuwa na wana wa kiume.

Shahidi wa tatu alitoka Masasi. Mama alikuwa amepanda basi peke yake, akaenda kuwapigia magoti wale wapwa tuliowashinda. Nilidhani watamfukuza. Mkubwa wao alikuja, kanzu ileile, akasimama mbele ya hakimu na kusema kwa sauti ya chini: "Mheshimiwa, mjomba wangu alikuja huku na panga na nguo alizovaa. Shamba alilikuta. Sisi tulidai miti. Ardhi hatukuidai, kwa sababu haikuwa yetu, wala haikuwa yake."

Mtu tuliyemnyima kila kitu ndiye peke yake aliyeisema mila kama ilivyo, hata sehemu isiyomnufaisha.

Hakimu aliamuru orodha irekebishwe. Mali ya marehemu ikawa nyumba, baiskeli, na thamani ya mikorosho. Anayedai ardhi apeleke madai yake kwenye baraza la ardhi. Hakuna aliyepeleka. Nilipewa karatasi niandike upya kwa mwandiko uleule, nikaandika "mikorosho", nikaweka nukta.

Wapwa hawakupata kitu. Hilo bado linanisumbua. Baada ya hukumu mama alianza kuwapelekea gunia moja la korosho kila msimu, bila amri ya mtu, na nikimuuliza anasema ni deni.

Sisi Watanzania tunaita "shamba la bibi" kitu chochote ambacho kila mtu anajichotea kwa kuwa mwenyewe hawezi kukizuia. Nimeutumia msemo huo kwenye habari nyingi za ufisadi. Siku hizi unanikwama kooni. Anayeutumia anachukulia kwamba bibi yupo pale kama kivuli tu, na kwamba shamba lake halina mpaka wala historia.

Bibi alifariki mwaka 2021. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, karatasi ambayo bibi hakuwahi kuwa nayo. Kijijini kwetu watu wameanza kuzungumza juu ya upimaji. Mama anataka shamba liandikwe kwa jina lake na dada zake wawili. Wadogo zangu wa kiume wanauliza, kwa utani ulio nusu, wao je? Nami najua kwamba kwa mila ileile niliyoitetea mahakamani, baada ya mama na mama zangu wadogo, mwenye zamu ni mimi na binamu zangu wa kike. Kwa hiyo mimi si mtazamaji tena, na utetezi wangu wa mila una harufu ya korosho kama wa wale wazee wawili.

Mwezi uliopita mama alinipigia. Fomu za maombi zitakuja, akasema, na mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Nikamwambia nitakuja, lakini safari hii tukae kwanza siku nzima, tuwaite na wajomba, tuwaite na wa Masasi, na mimi nisishike kalamu mpaka kila mtu amalize kusema.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi njoo na mchele. Watu watakuwa wengi."